Bawabu wa Kompyuta Yenye Mifumo Miwili

Walimu wenzangu mnaofundisha huku kwetu Usukumani, leo nataka kunena juu ya jambo ambalo limewatia wengi hofu, na kuwapotezea wengine kazi ya miaka. Jambo lenyewe ni hili: mtu ana kompyuta moja yenye mifumo miwili ya kuiendesha. Siku moja aiwasha, na ile orodha ya kumwuliza aingie upande gani haionekani tena. Mashine yaingia upande mmoja bila kuuliza, kana kwamba upande wa pili haukuwako kamwe. Mwenyewe hushika kichwa, akasema, "Vitu vyangu vimekwisha potea." Nami nasema, mara nyingi havikupotea. Kilichopotea ni njia ya kuingilia, na njia hutafutwa kabla ya kuibomoa nyumba.

Huenda mtu akauliza, "Mifumo miwili katika mashine moja ni ya nini?" Si anasa. Kompyuta nyingi za shule zetu ni za zamani, zilitumika kwingine kabla ya kutufikia. Zilikuja na Windows 10, na kampuni ya Microsoft ilikoma kuupa mfumo huo msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inayoufuata yadai kifaa cha ulinzi kiitwacho TPM, toleo la 2.0, pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Mashine za zamani aghalabu hazina vitu hivyo. Kwa hiyo walimu wengine wameweka Linux kando ya Windows. Upande mmoja hubaki na programu ambazo hawawezi kuziacha, na upande wa pili hupata mfumo ambao bado waangaliwa, wala haununuliwi.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika mji wa Helsinki huko Ufini. Aina yake iitwayo Ubuntu ilitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004, chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni la lugha za Kibantu za kusini, na maana yake ni utu. Msukuma, ambaye humwita mtu munhu, haoni ugeni mkubwa ndani yake. Mwaka uo huo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za kazi za ofisi zenye kusema Kiswahili. Basi mambo haya si ya watu wa mbali tu.

Sasa na tutazame jinsi mashine inavyoamka, maana asiyejua mpango wa nyumba hawezi kujua ni mlango upi ulioharibika. Umeme ukifika, wa kwanza kuamka si Windows wala si Linux. Ni programu ndogo iliyomo katika ule ubao mkubwa wa ndani ambao mafundi wetu huuita madabodi. Zamani programu hiyo iliitwa BIOS. Katika mashine za siku hizi huitwa UEFI. Yeye hukagua viungo vya mashine, kisha husoma daftari lake lenye zamu: nani aitwe kwanza, nani wa pili. Katika mashine yenye Linux, wa kwanza kuitwa huwa GRUB, programu iliyoanza kuandikwa na Erich Boleyn mwaka 1995. GRUB ndiye bawabu. Yeye huonyesha orodha ya vyumba, hungoja sekunde chache, kisha humfungulia mtu chumba alichokichagua.

Hapo msomaji ataona kwamba orodha ikikosekana, kuna mambo matatu yawezayo kuwa yametokea. Yamkini daftari la zamu limebadilika, bawabu yupo lakini haitwi. Yamkini bawabu mwenyewe ameumia. Au chumba chenyewe kimefutwa. Jambo la tatu ni baya kuliko yote, tena si la kudhaniwa kwanza. Lakini watu wengi hulidhani la kwanza, na kwa kulidhani hulifanya liwe kweli.

Shuleni kwetu, katika mkoa wa Shinyanga, tuna mashine ambayo upande wake wa Ubuntu ulitunza alama za mazoezi za kidato cha nne za miaka miwili. Likizo ilipokwisha, na chumba hicho kilikuwa kimekaa mwezi mzima bila umeme, tuliiwasha. Ilitoa maneno ya kusema kwamba tarehe na saa hazikuwekwa. Mwalimu mwenzangu akabonyeza kitufe ili iendelee, nayo ikaingia Windows moja kwa moja. Saa yake ilionyesha mwaka 2016. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na alama zilitakiwa ofisini Ijumaa.

Mwenzangu akasema, "Mwalimu, Ubuntu imefutika. Na nipande pikipiki niipeleke mjini, fundi aipige Windows mpya, tuanze upya."

Nikamjibu, "Tuanze upya na alama zipi, Mwalimu? Karatasi tumekwisha warudishia watoto. Na tuiulize mashine kwanza."

Tulianza kwa kutazama, pasipo kugusa kitu. Windows yenyewe ina chombo cha kuonyesha jinsi diski ilivyogawanywa. Tukakifungua, tukaona sehemu kubwa isiyo na jina, ukubwa wake ni ule ule tuliowapa Ubuntu siku ya kuiweka. Hiyo ilikuwa habari njema, maana Windows kwa kawaida haisomi sehemu za Linux, wala kutozisoma si dalili kwamba hazina kitu. Na mtu ajihadhari hapa: Windows ikiuliza kama iifomati sehemu hiyo, jibu ni hapana. Neno moja la ndiyo laweza kumaliza kazi ya miaka miwili.

Kisha tukazima, tukawasha tena, na papo hapo tukabonyeza F12. Mashine za watengenezaji wengine hutaka F9, nyingine Esc. Yafaa mwenye mashine aijue ya kwake. Kitufe hicho hufungua daftari la zamu kwa mara moja tu, bila kubadili lolote. Tukaona majina mawili: Windows juu, ubuntu chini yake. Tukachagua ubuntu. Bawabu akatokea na orodha yake kama siku zote, tukaingia, na alama zote zilikuwapo kama tulivyoziacha. Kabla ya kufanya neno jingine lolote tulizinakili katika flashi mbili, moja ikakaa kwangu, moja kwa mkuu wa shule.

Sasa, kwa nini zamu ilibadilika? Ile saa ya mwaka 2016 ilikuwa imekwisha tuambia. Katika madabodi mna betri ndogo, bapa kama sarafu, iitwayo CR2032, yenye volti 3. Kazi yake ni kuiendesha saa ya mashine na kutunza mipango fulani wakati umeme haupo. Tuliuchomoa waya wa umeme, tukafungua kasha, na mwalimu wa fizikia akaipima betri kwa mita. Haikufika volti 2. Mashine ilikuwa imesahau mipango yake na kurudia ile ya kiwandani, ambayo ilimweka Windows mbele. Tukanunua betri mpya kwa fundi wa saa sokoni, tukaandika tarehe upya, tukamrudisha ubuntu katika nafasi ya kwanza. Alama zilifika ofisini Alhamisi.

Walakini si wote waliopata mwisho huo. Ndugu yangu mmoja alikuwa mwandishi wa hesabu za kundi la wachimbaji wadogo huko Nyarugusu, katika mkoa wa Geita. Katika kazi ile kila mfuko wa mbale unaotoka duarani una wenyewe: mwenye eneo ana fungu lake, mwenye duara lake, na wachimbaji lao. Anayeandika hesabu hizo ameshika amani ya watu mkononi mwake. Kompyuta yake nayo ilikuwa na mifumo miwili, na orodha ikatoweka. Akaipeleka kwa fundi, akamwambia, "Naomba uifanye iwake vizuri." Fundi akafuta diski yote, akaweka Windows mpya, na mashine ikawaka vizuri sana. Hesabu za miezi minane zikawa hazipo. Wanaume waliokuwa wamekula sahani moja walianza kubishana juu ya mifuko, na baadhi yao hawajapatana mpaka sasa.

Watu walimlaumu fundi. Mimi sikuweza kumlaumu yeye peke yake, maana alifanya alichoagizwa: aliambiwa mashine iwake, hakuambiwa hesabu zilindwe. Basi yeyote apelekaye kompyuta kwa fundi na aseme kwanza, "Humu mna maandishi ninayoyataka. Usifute kitu kabla hujayatoa." Na fundi aliye mwema na aulize hivyo hata asipoambiwa.

Ikiwa jina la Linux halionekani hata katika daftari la zamu, bado usikate tamaa. Mtu huwasha mashine kwa flashi yenye Ubuntu, akachagua kuijaribu tu, si kuiweka. Hapo mfumo huendeshwa kutoka katika flashi, na diski ya mashine huweza kufunguliwa na kusomwa. Kwanza nakili maandishi yako. Kisha ndipo bawabu arudishwe mahali pake. Angalia pia kama mashine yawashwa kwa njia ya UEFI au kwa njia ya kale ya BIOS, kwa kuwa mfumo uliowekwa kwa njia moja haufunguki kwa nyingine. Na kama sehemu ya Windows imefungwa kwa BitLocker, tafuta mapema ule ufunguo wake wa tarakimu 48, maana ukibadili mipango ya kuwasha, Windows yaweza kuudai.

Pengine hutokea kinyume: orodha ipo, lakini Windows haimo. Tangu GRUB ya toleo la 2.06, iliyotoka mwaka 2021, bawabu huyo kwa desturi haruhusiwi kutafuta mifumo mingine, kwa sababu za ulinzi. Ruhusa huandikwa katika faili la /etc/default/grub, katika mstari usemao GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha hutolewa amri ya sudo update-grub. Tena masasisho ya mfumo mmoja huweza kumfungia mwenzake. Agosti 2024 sasisho la Windows lilifanya kompyuta nyingi duniani zenye mifumo miwili zikatae kuwasha Linux, na maandishi ya watu yalikuwamo humo humo wakati wote, salama.

Liko na jambo dogo la saa, ambalo huwachekesha wanafunzi wetu. Linux huandika katika saa ya mashine wakati wa ulimwengu. Windows huisoma saa ile ile kana kwamba ni wakati wa hapa. Tanzania iko mbele ya wakati wa ulimwengu kwa saa tatu. Kwa hiyo ukitoka Ubuntu saa mbili asubuhi ukaingia Windows, wakuta saa kumi na moja alfajiri. Mashine si mbovu. Ni wapangaji wawili wanaosoma saa moja ya ukutani kwa desturi mbili. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1, ikitolewa upande wa Linux, huwapatanisha. Msidharau jambo hili, maana tarehe na saa ndizo zinazotuonyesha ni faili lipi la alama lililo jipya.

Tena Windows ina desturi ya kulala nusu pale udhaniapo umeizima, ili iamke upesi. Katika hali hiyo Linux huweza kusoma vitu vya upande wa Windows, lakini huzuiwa kuandika humo. Desturi hiyo huzimwa katika mipango ya umeme ya Windows. Huku kwetu, ambako umeme hukatika bila kuaga, ni heri mfumo uzimwe kabisa kuliko kuachwa umelala.

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kufuta na kuanza upya huonekana kama uhodari, kwa sababu matokeo yake huonekana upesi. Lakini ni kazi ambayo haina kurudi. Kutazama, kuuliza na kupima huonekana kama uvivu, na kumbe ndiko kulikookoa alama za watoto wetu kwa betri moja ndogo.

Basi, walimu wenzangu, kila mmoja na abandike karatasi ubavuni mwa mashine yake. Na aandike humo kitufe cha kufungulia daftari la zamu, mifumo iliyomo, tarehe betri ilipobadilishwa, na mahali nakala zinapotunzwa. Mstari wa mwisho na uwe kwa herufi kubwa, ili asomaye kwa hofu auone: USIFUTE KABLA YA KUNAKILI.