Juu ya Kupanga Nyumba



Tangu muhula huu uanze, wafinalisti wenzangu wananiuliza neno moja: "Mkubwa, tukipita Egzameni ya Leta, tutalala wapi Bunia?" Maana wengi wetu tunatazamia kusoma kule, wengine ISP, wengine Chuo Kikuu cha Bunia, wengine Chuo Kikuu Shalom, kile kilichoanza mwaka 1961 kama shule ya theolojia. Shule zipo, lakini kitanda hakipo kwa kila mtu. Walio na shangazi mjini watalala kwa shangazi. Wengine itabidi kupanga.

Kwa hiyo nimeona vema niandike juu ya kupanga nyumba. Mimi nilikaa katika nyumba za kupanga mbili kabla sijatimiza miaka 13, moja mjini na moja nje ya mji. Lakini nawaambia mapema kwamba siandiki kwa kuwapa mashauri tu. Ndani ya habari hii kuna deni, nalo ni langu.

Wengi wenu mnajua namna tulivyotoka kwetu, kwa sababu mlitoka vilevile. Vita vilirudi katika teritware yetu ya Djugu mwezi wa Desemba 2017, na Februari 2018 sisi tulishuka Bunia. Wengine walivuka Ziwa Albert kwenda Uganda, wengine walijenga vibanda vya shiti pale karibu na hospitali kubwa. Baba yangu ni fundi wa kushona nguo. Alifunga kichwa cha mashini juu ya kinga, meza yake akaiacha. Alisema fundi hawezi kulala chini ya shiti, maana mvua itaharibu vitambaa vya watu, na nani atamlipa? Basi tukatafuta nyumba.

Mjini nyumba haitafutwi na macho, inatafutwa na komisioneri. Yeye alituzungusha siku mbili, akatupatia chumba kimoja katika parseli yenye familia tano, kisima kimoja na choo kimoja. Kodi ilikuwa dola 20 kwa mwezi. Mwenye nyumba akataka garanti ya miezi 6, ndiyo dola 120, na komisioneri akataka mwezi mmoja wake, dola 20. Baba alikopa kwa ndugu wa kanisa. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Walipeana mikono tu, na Mama akashukuru Mungu.

Baada ya miezi minane mwenye nyumba alikuja asubuhi akasema mtoto wake anaoa, anahitaji chumba. Tukaelewa. Siku ya kutoka Baba akaomba garanti yake. Yule mzee akaanza kuhesabu: rangi ya ukuta, mlango uliochakaa, kamba ya kisima, moshi juu ya mabati. Mwisho akatoa dola 30. Baba akasema mlango ule aliukuta umechakaa. Yule akasema hapana, ulikuwa mpya. Neno la mtu mzima likapigana na neno la mtu mzima, na mwenye ufunguo akashinda. Baadaye tulisikia chumba kilipewa mpangaji mwingine kwa dola 35. Arusi hatukuiona.

Miaka ilipopita nilikuja kujua kwamba nchi yetu ina sheria juu ya jambo hili. Ni sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015. Inasema kwa nyumba ya watu kulala, garanti isipite kodi ya miezi 3. Sisi tulilipa 6, na hakuna aliyetuambia. Mwalimu mmoja alitueleza pia kwamba huko Uholanzi, nchi ndogo yenye watu wengi, wanaopanga nao wana taabu yao. Mjini nyumba ni chache na bei kali, basi watu wanatafuta katika miji midogo ya kando, na huko nako wanangoja. Tangu 1 Julai 2023 sheria yao inakataza garanti ya mapatano mapya kupita kodi ya miezi 2, na inataka mapatano yaandikwe. Nikafikiri, kumbe hata kwenye utajiri watu wameona kupeana mikono hakutoshi.

Sasa nyumba ya pili. Mwezi wa Oktoba 2018 Baba alisikia kwamba Iga-Barrière, kama kilometa 25 kutoka Bunia kwenye barabara ya Mahagi, kuna mama mjane anayepangisha. Tukaenda. Ilikuwa nyumba ya matofali ya udongo, vyumba viwili, mabati juu, nyuma shamba la mihogo. Usiku ulikuwa kimya, unasikia majani tu. Kodi ilikuwa dola 8. Mama alifurahi sana, akasema tumeokoa dola 12 kila mwezi. Baba akatabasamu, akamwonyesha hesabu: kila mara akienda Bunia kununua uzi na vitambaa, pikipiki kwenda na kurudi ni dola 5, na lazima aende mara mbili kwa mwezi. Basi tuliokoa dola 2. Wafinalisti, shikeni hesabu hii. Nyumba ya mbali ni rahisi, lakini barabara nayo inadai kodi yake.

Yule mama tulimwita Tate kwa sababu ya mvi zake. Hakujua kusoma wala kuandika. Hata hivyo hakutaka garanti. Alitaka kitu kingine. Alitoa kaye ya shule yenye kurasa 48, akamwambia Baba aandike kila kitu kilichomo ndani ya nyumba kabla hatujaingiza hata mkeka. Baba akaandika: milango 2, kitasa 1, madirisha 2, kila dirisha vioo 4, mabati yenye tundu mahali pawili, misumari ya kutundikia nguo 6. Chini akaandika kodi na siku ya kulipa. Baba akatia sahihi, Tate akatia kidole chenye wino wa biki.

Kisha Tate akaniita mimi, niliyekuwa na miaka 11, akasema: "Soma, mutoto. Soma yote." Nikasoma. Tangu siku ile, kila mwezi Baba alipoleta kodi, Tate alileta kaye. Mimi nilisoma kutoka juu mpaka chini, kisha Baba akaandika kwamba mwezi fulani umelipwa. Nilijisikia mtu mkubwa sana.

Mwezi wa Januari 2019 nilikuwa nikicheza mpira wa matambara nyuma ya nyumba, nikavunja kioo kimoja cha dirisha la chumba chetu. Hakuna aliyeona. Niliokota vipande, nikavitupa chooni, nikaziba mahali pale na karatoni, na kitanda chetu kikaficha. Kila mwezi nilipofika kwenye mstari wa madirisha, sauti yangu ilishuka kidogo, lakini nilisoma "vioo 4" kama zamani.

Hapa lazima niseme neno gumu. Tate hakuwa mtu wa upande wetu. Sitataja makabila, maana katika internati yetu tunalala sote pamoja na tumepatana tusitajiane. Inatosha kusema kwamba siku zile watu wake na watu wetu walikuwa wakizikana. Juni 2019 vita vilipamba moto tena katika Djugu. Usiku mmoja wanaume walikuja kwenye nyumba yetu, wakagonga na fimbo, wakauliza ni nani wanaolala humo. Baba alitushika midomo. Tukamsikia Tate akitoka kwake na taa. Akasema: "Nyumba ni yangu. Hawa ni bapangaji bangu, beko mu kaye yangu. Mukibagusa, munagusa mimi."

Sijui kama ni kaye iliyowarudisha au ni mvi zake. Walisimama kidogo, mmoja akamwita mama, kisha wakaenda. Mimi nilichungulia pembeni ya karatoni, kwenye tundu la kioo nilichovunja, nikaona kwamba kweli alikuwa ameshika ile kaye chini ya kwapa.

Siku nne baadaye Baba akapata lori la kuturudisha Bunia. Dereva alikuwa akipiga honi. Tate akasema hata hivyo tusome. Akaleta kaye. Nikasoma: milango 2, kitasa 1. Nilipofika kwenye madirisha, nikaona Tate anatembea ndani ya nyumba akigusa kila kitu nilichokitaja, na kitanda chetu kilikuwa kimekwisha kutolewa. Nikaogopa. Nikaruka mstari. Nilisoma mabati, nikasoma misumari, nikafunga kaye. Tate akakaa kimya, kisha akasema: "Ni vizuri. Muende na Mungu."

Wenzangu, mtu yule alitukinga na kaye, na mimi kwa kaye ileile nilimdanganya, kwa sababu hakujua kusoma. Yule mwenye nyumba wa Bunia alimwibia Baba kwa sababu hakuna kilichoandikwa. Mimi niliiba ingawa kiliandikwa. Kwa hiyo nikisema karatasi ni nzuri, nasema pia kwamba karatasi haimzuii mwenye nia mbaya, hasa kama ni yeye peke yake anayeisoma.

Mwaka huu mliponichagua kuwa mkuu wa wanafunzi, mwalimu wa internati alinipa daftari la vitu vya mabweni: vitanda, magodoro, ndoo, vioo. Kila mwisho wa muhula nasimama mlangoni nasoma, na ninyi mnaonyesha. Mmenilalamikia kwamba mimi ni mkali, kwamba nahesabu hata misumari. Sasa mnajua sababu. Mara ya kwanza nilipofika kwenye mstari wa vioo, nilisimama nisiweze kuendelea, na wadogo wakafikiri nimesahau kusoma.

Wakati wa Noeli iliyopita nilipanda pikipiki mpaka Iga-Barrière. Tate yupo, amezeeka, lakini masikio yake ni mazima. Mahali pa kioo amepigilia kipande cha bati. Nikapiga magoti, nikamweleza, nikampa dola 3 nilizopata kwa kulima likizo. Alicheka. Akasema: "Uliruka fasi ya madirisha. Miye nilisikia." Kumbe alikuwa ameishika kaye yote kwa kichwa, mstari kwa mstari, kwa sababu tuliisoma kila mwezi. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba lori lilikuwa linapiga honi, na mama yangu alikuwa analia.

Kisha akahesabu zile pesa, akasema ni pungufu, maana kioo siku hizi na kukikata ni dola 4. Hakunisamehe ile moja. Alileta kaye, imeliwa na panya pembeni, nikaandika kwamba kioo 1 kimelipwa dola 3, imebaki 1. Na akaniambia nisome yote.

Basi, wafinalisti, haya ndiyo mashauri yangu. Kabla ya kupanga, tazameni nyumba siku ya mvua, ulizeni maji yanatoka wapi, na ni watu wangapi kwenye choo. Msimlipe komisioneri kabla ya kumwona mwenye nyumba mwenyewe. Msikubali garanti kupita miezi 3, na mkilipa ombeni karatasi yenye sahihi. Andikeni hali ya nyumba siku ya kuingia, mbele ya mashahidi, na kila upande ubaki na karatasi yake. Kama mmoja wenu hajui kusoma, msomaji awe mtu ambaye hana faida ndani yake. Hesabuni pesa ya njia pamoja na kodi. Na mkivunja kitu, semeni siku ileile, kingali cha bei rahisi.

Msione haya kuwa wapangaji. Mtume Paulo naye, alipokuwa akilindwa na askari kule Roma, alikaa miaka miwili katika nyumba ya kulipia, na humo alipokea watu wote waliomjia. Nyumba haikuwa yake, lakini mlango wake ulikuwa wazi.

Mimi bado nadaiwa dola 1. Nimeitenga ndani ya bahasha, na wakati wa Pasaka nitaipeleka. Kama nikikawia kurudi, mjue Tate ananisomesha kaye.

Mungu awasaidie katika Egzameni ya Leta, na awape mahali pa kulala.

Ni mimi, mkuu wa wanafunzi.