Kuhama Kindu kuja Kasongo: njia ya nani inahesabiwa?

KASONGO. Mwalimu mmoja wa Kindu amepewa nafasi ya kuwa prefe kwenye shule moja ya sekondari hapa kwetu. Mshahara haupandi sana, na nyumba hapewi. Kilichomvuta ni njia. Yeye anakaa Alunguli, komine iliyo ng'ambo ya mashariki ya Lualaba, na shule anayofundisha iko Kasuku, upande wa magharibi, penye ofisi za jimbo. Daraja hakuna. Kila siku ya masomo anavuka mto mara mbili kwa mtumbwi.

Kabla ya kujibu ndiyo au hapana, alichukua daftari akaandika saa zake kwa muda wa majuma mawili. Kutoka nyumbani mpaka ukingoni, dakika 25 kwa miguu. Halafu kungoja mtumbwi ujae, maana mpiga kasia hatoki na watu wanne. Kuvuka kwenyewe si kitu, anasema. Kinachokula asubuhi ni kungoja. Baada ya hapo kupanda kutoka mtoni mpaka shuleni. Siku nzuri alitumia saa moja. Siku ya ukungu au ya mvua kubwa, wakati hakuna anayetaka kuingia majini, saa mbili zilipita, na wanafunzi wa saa ya kwanza wakabaki wanapiga kelele. Alipojumlisha kwenda na kurudi, akapata karibu saa tatu kwa siku.

Hapa Kasongo alionyeshwa nyumba ya kupanga iliyo karibu na shule: robo saa kwa miguu, bila kivuko, bila kulipa mtu. Tofauti ni saa mbili na nusu kila siku. Kwa siku 200 za kazi inakuwa saa 500. Mtu wa hesabu hawezi kuona namba kama hiyo akanyamaza. Alirudi Alunguli na furaha, akamsomea mke wake daftari.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Baba ya watoto, weye umehesabu miguu yako tu. Yetu nani atahesabu?"

Swali hilo ndilo lililofanya habari hii iandikwe, kwa sababu watu wengi wanaotaka kuhamia mji mdogo wanapima njia moja tu, ile ya mwenye mshahara.

Kule Alunguli nyumba yao ina kisima uani. Nyumba ile ya karibu na shule haina bomba wala kisima, na maji yanatoka kwenye chemchemi iliyo chini ya mlima. Kushuka, kupanga mstari, kupanda na bido ya litre 20 kichwani, ni nusu saa na zaidi. Kwa watu saba, bido nne kwa siku ni kidogo. Hapo tayari zimekwenda saa mbili, na watakaozitembea ni mabinti wawili wa miaka 11 na 14 kabla ya kwenda shuleni. Yaani zile saa za baba hazikupotea. Zilikuwa zinahamishiwa kwenye vichwa vya watoto.

Upande wa biashara, mama anauza mafuta ya mawese na mchele. Pale Alunguli bidhaa zinamfikia, kwani wanawake wa vijiji hushuka nazo kuelekea mtoni na yeye hununua njiani pao. Kasongo ni nchi ya mchele na mawese, kwa hiyo bei ingekuwa nzuri zaidi, lakini ingebidi yeye mwenyewe atoke kuzifuata, kwa kinga au kwa miguu, mpaka ajulikane na wauzaji. Shamba ambalo wangeweza kupewa liko saa moja na nusu kutoka mjini.

Tuseme kweli, mji huu si mgeni wa kuhama. Kasongo ya Tippu Tip, ile iliyotekwa na majeshi ya Dhanis mwezi wa Aprili 1893, haikuwa pale penye mji wa leo. Mahali pake panaitwa Tongoni, na kila anayejua Kiswahili anaelewa tongo ni nini: makao yaliyoachwa. Na mambo ya umbali wa miguu yamewahi kufikiriwa hapa kwa makini kuliko miji mingi. Miaka ya 1970 waganga wa mradi uliojulikana kama Projet Kasongo, pamoja na Taasisi ya Tropiki ya Antwerp, walipanga vituo vidogo vya afya viwe karibu na watu, na hospitali iwe nyuma yao kwa wale walioshindikana kituoni. Mama mwenye mtoto wa homa hawezi kutembea siku nzima kwa ajili ya dawa, basi dawa isogezwe. Hadi leo mtu anayehamia Kasongo kutoka mji mkubwa anafaa kuuliza kituo cha afya cha mtaa wake kiko wapi kabla ya kuuliza bei ya nyumba. Mwalimu wetu alikuwa hajauliza.

Halafu kuna njia zisizotembewa kila siku. Mji mdogo unafupisha safari ya asubuhi na kurefusha zile za mara chache. Karatasi ya kazi ikikwama, inafuatwa Kindu. Mambo ya jimbo yote yako Kindu. Walimu wanajua habari ya mshahara: serikali ilipoanza kuwalipa watumishi wake kwa njia ya benki, miaka ya 2011 na 2012, sehemu zisizo na benki Caritas ndiyo iliyopewa kazi ya kuwapelekea walimu fedha, na wengi vijijini walitembea siku nzima kwenda kuzipokea.

Kutoka hapa mpaka Kindu ni zaidi ya kilometa 200. Wakati wa kiangazi, mwenye pikipiki nzuri akitoka alfajiri anaweza kulala kule siku ile ile, mgongo ukiwa umevunjika. Wakati wa mvua hakuna anayeahidi. Reli haisaidii sana: ile ya Kindu kwenda Kongolo, ambayo Wabelgiji waliijenga kabla ya vita ya kwanza ya dunia, inapita magharibi ya Lualaba, na Kasongo iko mashariki. Atakayeitaka treni, mto unamngoja pale pale.

Mwalimu aliandika safari nne kwa mwaka za kwenda Kindu, kila moja siku tano pamoja na kungoja ofisini. Siku 20. Zile saa 500 zake, ukizigawa kwa 24, ni karibu siku 21. Aliangalia hesabu hiyo muda mrefu, akafunga daftari.

Lakini kilichomkosesha usingizi hakikuwa kwenye daftari. Mama yake mzazi anakaa Alunguli, nyumba ya tatu kutoka kwao. Ni mzee, na miguu imeanza kuvimba. Familia ni ya Kiislamu, na maiti haikai: aliyekufa usiku anazikwa mchana. Kutoka shule ya Kasuku, hata siku ya ukungu, mtoto angefika kabla ya jeneza kutoka. Kutoka Kasongo hatafika. Hakuna pikipiki wala kiangazi kitakachobadili hilo.

Ndugu zake walimshauri asimwambie mzee. Yeye akaona si heshima. Alikwenda jioni, akakaa chini kwenye mkeka, akamweleza yote, pamoja na hilo la mwisho. Bibi alimwambia: "Mwanangu, watanizika walio karibu. Weye uje siku ya hitima, ukae siku nyingi." Halafu akauliza kama Kasongo kuna samaki wazuri.

Wamekubali kuja, lakini si kwa hesabu ya kwanza. Nyumba ya karibu na shule wameiacha. Wamepata nyingine, ya udongo mzuri, yenye kisima cha jirani kinachotumiwa na nyumba tatu, na soko ni dakika 10. Kituo cha afya kiko mtaa huo huo. Kutoka hapo mpaka shuleni ni dakika 40 kwa miguu, na prefe mpya anatafuta kinga ya kununua kabla ya Septemba. Binti mkubwa atabaki na bibi mpaka amalize mwaka wake wa masomo. Wengine watasafiri mwezi wa saba, njia ikiwa imekauka. Kuhusu shamba, mama amesema ataliona kwanza kwa macho yake na kulitembea kwa miguu yake kabla mtu hajasema ndiyo.