Idi ya Dengfeng na Hesabu ya Mwezi

Nyumbani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, palikuwa na maneno ambayo Baba aliyasema kila Idi, baada ya sinia za biriani kuondolewa na kabla ya kahawa kuletwa: "Babu yenu alituletea Idi kila mwaka, lakini hakuwahi kuila nasi." Hakuyasema kwa ghadhabu. Aliyasema kama mtu atajaye tarehe ya msiba wa zamani, na sisi watoto tuliyazoea kama tulivyoizoea harufu ya udi. Ilinibidi nifike Dengfeng, katika jiji la Guangzhou, kusini mwa China, mwezi wa Aprili mwaka 2023, ndipo nikaanza kuyatafakari.

Kwa jamaa ambao hawajafika huko: Dengfeng ni mtaa katika wilaya ya Yuexiu, na wafanyabiashara wetu wengi huuita Xiaobei, kwa jina la barabara na kituo cha treni ya chini ya ardhi kilichopo hapo. Ukishuka katika kichochoro cha Baohan utakuta mabucha ya nyama ya halali, mikate inayotolewa tanuruni, mishikaki juu ya makaa, na maduka yauzayo mabegi makubwa ya safari, kwa kuwa hakuna mgeni arudiye kwao na begi lile lile moja alilokuja nalo. Hatua chache kutoka hapo lipo jengo refu la Tianxiu, ambalo ghorofa zake za chini zimejaa vibanda vya biashara. Kwa saa moja tu utasikia Kiarabu, Kisomali, Kifaransa, Kihausa, na ghafla nyuma ya bega lako Kiswahili cha Unguja, mtu akilalamikia bei ya mizigo.

Mtaa huu una misimu yake. Tangu mwaka 1957 Guangzhou imekuwa na maonyesho makubwa ya biashara mara mbili kwa mwaka, katika majira ya kuchipua na katika majira ya kupukutika. Siku hizi duru ya kwanza hufunguliwa tarehe 15 Aprili na ya pili tarehe 15 Oktoba, kila duru ikiwa na awamu tatu, katika kumbi za Pazhou upande wa pili wa mto. Msimu ufikapo, hoteli hujaa na bei za vyumba hupanda. Lakini mfanyabiashara mdogo kama mimi, mwenye duka moja la mabaibui, madera na mapazia, haendi Pazhou kununua. Viwanda vilivyoko kule vinataka oda za maelfu. Huenda kutazama: ni rangi gani zimetoka mwaka huu, ni kitambaa gani kimeingia. Kisha hurudi mjini kwenye masoko ya jumla: Zhongda kwa vitambaa, Baima kwa nguo, barabara ya Yide kwa mapambo ya sherehe na vitu vya kuchezea watoto. Hapo Yide mapambo yanauzwa jirani na maduka ya samaki wakavu, nami kila nipitapo, pua yangu hunirudisha kwenye soko la papa na ng'onda. Bei hushuka kwa idadi. Ukitaka mapazia kumi utaambiwa bei moja, ukitaka mia nyingine, na mazungumzo yote hufanyika juu ya kikokotoo, kinachopita mkono kwa mkono pasina neno.

Ugumu wa biashara hii haumo katika bei. Umo katika kalenda. Mwaka mpya wa Kichina hufuata mwezi, na wakati wake viwanda hufungwa na wafanyakazi hurudi kwao vijijini kwa majuma kadhaa. Idi zetu nazo hufuata mwezi, ila Wachina huongeza mwezi mmoja kila baada ya miaka miwili au mitatu ili mwaka wao usiachane na majira, nasi hatuongezi. Kwa hiyo mwaka mpya wao hurukaruka baina ya Januari na Februari tu, ilhali Idi yetu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka na kuizunguka miezi yote. Atakaye kuuza nguo za Idi Mombasa lazima ajue sherehe ya Wachina itaanguka lini, kisha ahesabu muda wa kushona, muda wa kujaza kontena, na majuma ya baharini.

Mwaka 2023 hesabu hiyo haikuwezekana. Mipaka ya China ilikuwa imefungwa kwa ajili ya korona, ikafunguliwa tarehe 8 Januari, na tarehe 22 ya mwezi huo huo ukaingia mwaka mpya wao. Viwanda vilipofunguliwa tena, Ramadhani ilikuwa mlangoni. Idi ndogo ilikuwa imekwisha kutupita kibiashara, na tumaini lilibaki kwa Idi kubwa ya mwisho wa Juni. Miaka mitatu duka langu lilikuwa limeuza masalio. Nilikuwa na deni, na nilikuwa na kodi. Maonyesho ya Aprili yalipotangazwa kwamba yatarudi kumbini, nilikata tiketi, kisha ndipo nikatazama tarehe: Idi ingenikuta huko huko. Baba alikuwa na umri wa miaka 74. Nilimwambia kwa simu, ingawa nyumba yake ni mwendo wa dakika tano kutoka dukani kwangu. Nilikosa ujasiri wa kumwambia ana kwa ana. Alijibu, "Haya. Mungu akulete salama," akakata.

Asubuhi ya Idi tulitoka mapema kwenda kuswali katika msikiti ulio karibu na kaburi ambalo Waislamu wa Guangzhou hulinasibisha na Sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria husema Saad alizikwa Madina, na ndivyo ilivyo katika vitabu vyetu. Lakini watu wa mji ule wamelizuru kaburi hilo karne nyingi, na siku ile bustani na njia zilijaa kanzu, suti, kofia nyeupe za Wachina wa kabila la Wahui, na mitandio ya kila rangi. Mji huo huo una msikiti wa kale wa Huaisheng, ambao jina lake maana yake ni kumkumbuka Mtume, na mnara wake laini mweupe una urefu wa mita zipatazo 36.

Nikiwa nimeketi kwenye jamvi nilikumbuka kitabu cha Kiarabu cha mwaka 851 kinachosimulia safari za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi na China. Mji huu kinauita Khanfu. Kinasema kwamba mtawala wa China alimteua Mwislamu mmoja awe mwamuzi wa Waislamu waliokuja kufanya biashara pale, na kwamba siku ya Idi huyo ndiye aliyewaswalisha, akawahutubia, na kumwombea dua sultani wa Waislamu. Yaani yapata miaka 1,170 iliyopita, palikuwa na watu waliokula Idi mahali hapa kwa sababu upepo wa kurudi ulikuwa bado haujavuma. Nao, bila shaka, walikuwa na watoto kwao.

Baada ya swala tulirudi Dengfeng. Sisi wa pwani tulikuwa kama watu 15, kutoka Mombasa, Malindi, Unguja na Dar es Salaam, wengi wetu hatukuwa tukijuana juma moja kabla. Tuliunganisha meza katika mkahawa mmoja wa Kiarabu. Bibi mmoja wa Unguja alileta tambi za sukari alizozipika chumbani mwake katika sufuria ya umeme ya kupikia wali, zikiwa zimeshikana kidogo, na hakuna tambi zilizowahi kusifiwa kuliko hizo. Mzee mmoja aliwagawia watoto wa mwenye mkahawa mkono wa Idi, noti mpya za yuan, akisema kwamba asipotoa kwa mtoto yeyote siku ile atajiona hajafungua saumu. Tulicheka. Kisha mmoja wetu akainuka akaenda kusimama nje, akitazama simu yake, nasi tukajifanya hatukumwona.

Mtaani haikuwa sikukuu. Kufikia adhuhuri muuzaji wangu wa mapazia alipiga simu kwamba mzigo uko tayari kuhesabiwa, na usipohesabiwa leo gari la kwenda ghalani litaondoka bila huo. Nilikwenda. Nilihesabu mapazia kwa nguo yangu ya Idi. Nilipokuja kumpigia Baba, kwao ilikuwa bado asubuhi, kwani Mombasa iko nyuma kwa saa tano. Nilimpa mkono wa Idi wa maneno, nikamweleza kuhusu swala, kuhusu tambi. Akasikiliza. Kisha akasema maneno matatu: "Sasa na wewe."

Usiku ule sikulala. Nilichukua daftari la mizigo na simu yangu, ambayo ina kalenda ya kugeuza miaka ya Hijria. Nilitaka kujua jambo moja tu: Babu, nahodha wa jahazi, alipokosa Idi zetu, alikuwa wapi?

Baba alizaliwa mwaka 1949. Babu alifariki Sur, Oman, mwaka 1959. Majahazi yalishuka pwani yetu kwa Kaskazi, kuanzia Desemba, na kuondoka na Kusi, kuanzia Aprili, yakiwa yamepakia boriti za mikoko. Neno letu "msimu" lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na mabaharia ndio waliolihitaji zaidi. Basi niliandika Idi moja moja. Mwaka 1949, mwisho wa Julai. Mwaka 1954, mwanzo wa Juni. Mwaka 1957, mwanzo wa Mei, ambapo maonyesho ya kwanza ya Guangzhou yalikuwa yamefunguliwa siku chache tu kabla yake. Mwaka 1958, yapata tarehe 20 Aprili. Mwaka 1959, yapata tarehe 10 Aprili, naye tayari yuko Lamu kupakia boriti zake za mwisho. Kisha nikaandika Idi kubwa: kutoka Oktoba mwaka 1949 hadi Juni mwaka 1959. Hakuna hata moja iliyoangukia miezi ya Kaskazi. Katika uhai wote wa Baba pamoja na baba yake, mwezi ulikuwa umeipeleka Idi upande wa Kusi. Babu hakuikimbia Idi ya Mombasa. Hakuwa na upepo wa kumwezesha kuila.

Ndipo nikaelewa pia lile sanduku la Bibi. Babu alifika Desemba na halua, tende, na jora la kitambaa, na Bibi alilifungia jora hilo sandukuni hadi mwezi wa Ramadhani, nusu mwaka baadaye, ndipo likashonwa. "Alituletea Idi" ilikuwa kweli tupu, kama vile nami nilivyokuwa nikihesabu mapazia ya Idi ya watu wengine.

Niliporudi nilimpelekea Baba daftari. Alivaa miwani, akafuata orodha kwa kidole, taratibu, mwaka hadi mwaka. Nilitarajia faraja. Alipofika mwisho aliuliza, "Na Sur?"

Swali hilo sikuwa nimeliandika. Wengi wenu mnaosoma haya mnajua kwamba Babu alikuwa na nyumba ya pili huko, na baadhi yenu ni wajukuu wa nyumba hiyo. Hesabu ile ile iliyomtoa Babu lawamani kwetu ilionyesha kwamba miaka ile Idi nyingi alizila kwenu. Niliposita kujibu, Baba alinyoosha kidole mahali nilipokuwa nimeendelea kuandika kwa mazoea tu, miaka ya baada ya 1959. Mwaka 1960, mwisho wa Machi. Mwaka 1965, mwanzo wa Februari. Mwaka 1970, mwanzo wa Desemba. Kaskazi, Kaskazi, Kaskazi. Kama angeishi miaka kumi zaidi, Idi ndogo zote zingemkuta Mombasa, na nyie ndio mngezikosa.

"Ilikuwa zamu yetu inakuja," Baba alisema. Akavua miwani, akalifunga daftari, wala hakunirudishia.

Tangu mwaka 2024 Idi ndogo imetangulia maonyesho ya Aprili, nami nimeila nyumbani kila mwaka. Najua si wema wangu, ni mwezi. Baba hayasemi tena maneno yale kabla ya kahawa. Mwaka jana, mahali pake, aliuliza swali ambalo nimeahidi kuliandika hapa ili liwafikie ndugu zetu wa Sur: Babu alipowasili kwenu na Kusi, siku za Idi, aliwaletea nini kutoka kwetu? Kama kuna aliye na jibu, au aliye na mama au shangazi anayekumbuka, atuandikie. Mzee anangoja.