Mtoto Akinyamaza Juani
Meli ya utalii ilifunga gati Cozumel, Meksiko, kwa saa chache tu. Baba alitaka kwenda Tulum, ng'ambo ya bahari. Mama akawatazama wanawe, wa miaka 5 na 2, akachagua San Gervasio, magofu ya Wamaya yaliyo kisiwani hapo hapo.

Jua lilikuwa kali. Mkubwa alihesabu mijusi. Mdogo, msumbufu wa kila siku, akanyamaza. Baba alifurahia utulivu. Mama akagusa nepi: kavu tangu asubuhi. Wakakaa kivulini, wakamnywesha maji kidogo kidogo, mpaka akalia tena kwa machozi.

Zamani wanawake wa Kimaya walivuka bahari kuja hapa kumwomba Ixchel, mungu wa uzazi, awape watoto. Nusu ya magofu mama hakuyaona. Wake alikuwa mapajani, analia. Ilimtosha.