Ukinifundisha Kitumbua, Usiniruke Tui

Hapa Hamugembe, Bukoba, nauza vitumbua asubuhi. Jirani yangu mjane alipoomba nimfundishe, nilimtajia mchele, hamira, iliki na sukari, nikaruka tui la nazi. Vyake vikatoka vikavu, akapata hasara.

Usingizi ulinikimbia. Mtume (S.A.W.) alitia mkono kwenye rundo la chakula sokoni, akakuta ndani kumelowa, akasema anayetudanganya si katika sisi.

Nilimwendea, nikamwomba radhi, tukakuna nazi pamoja. Sasa naye anauza, na wateja wangu bado wapo.

Bibi harusi mpenzi, kutunza siri ya pishi si dhambi. Sema tu, “Hii ni biashara yangu, nisamehe.” Lakini ukikubali kufundisha, usifundishe nusu.