Ukuta Ulionyimwa Pumzi



Ndugu zangu waumini, na hasa nyinyi mama zetu mnaozijua nyumba kuliko sisi tunaozimiliki, leo nataka kukiri kosa nililolitenda nyumbani kwangu mwenyewe.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa. Babu yetu aliijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kila masika, ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa ukitoa doa la unyevu na chokaa ikibambuka. Mama watoto aliniambia zaidi ya mara moja: "Baba watoto, ukuta huu unalia, na maji yatoka juu." Nami nilikuwa na darsa, na hotuba, na watu wa kuwapatanisha. Mwaka juzi, ili niondokane na maneno, nilimwita fundi kijana akapiga plasta ya saruji, kisha rangi ya mafuta. Ukuta ukang'aa, nikajiona nimemaliza kazi.

Masika yaliyofuata doa lilirudi, tena juu zaidi ya mahali pake pa zamani. Rangi ikafura malengelenge. Nyuma ya kabati kukaota kuvu jeusi. Kanzu zikanuka uvundo, na kitabu cha fiqhi alichoniachia marehemu baba kikagandamana kurasa. Hayo niliyavumilia. Lililonivunja ni mjukuu wetu wa miaka minne, alalaye chumba kile. Alianza kukohoa usiku, kifua kikimlia kama filimbi. Nami nilifunga madirisha mvua isiingie, nikafukiza udi kuondoa harufu. Moshi ukamzidishia. Usiku mmoja tulimbeba mimi na bibi yake hadi hospitalini. Daktari alipokwisha kumtuliza, aliniuliza: "Mtoto huyu analala wapi?" Mke wangu alinitazama, asiseme neno. Sijapata kusikia waadhi mzito kuliko kimya kile.

Nilimtafuta fundi mzee wa chokaa. Aliugonga ukuta kwa kidole, akasema, "Sheikh, mumeunyima ukuta pumzi." Akanieleza kwamba jiwe la matumbawe lina vitundu na hunywa maji. Chokaa huyaachia maji hayo yatoke kidogo kidogo kama mvuke, bali saruji na rangi ya mafuta huyafungia ndani, yakapanda kutafuta njia nyingine. Kisha akainua uso, akanionyesha mlizamu wa paa uliopasuka, unaomwagia ukuta maji kila mvua inyeshapo. Maji yalikuwa yakitoka juu, kama nilivyoambiwa.

Tuliutengeneza mlizamu kwanza, kwani kukausha ukuta ilhali maji yangali yaingia ni kazi bure. Tukabandua saruji, tukauacha ukuta wazi hadi jua la kaskazi likaukausha, ndipo tukapiga chokaa. Kuvu tuliliosha kwa maji ya sabuni, pua tumezifunga kitambaa, na mtoto tulimpeleka kwa shangazi yake. Godoro lililoingia kuvu tulilitupa.

Mengine hayakugharimu kitu. Kabati tumelisogeza shibiri moja kutoka ukutani, hewa ipite. Madirisha yanayokabiliana hufunguliwa mvua ikikatika na jua likitoka. Nguo mbichi hazianikwi tena chumbani, na jikoni masufuria hufunikwa, mvuke usitande nyumbani. Udi hatukuuacha, ila haufukizwi chumbani mwa mtoto.

Mjukuu wetu angali na dawa yake ya pumu, lakini sasa hulala hadi alfajiri, alhamdulillahi.

Sisi huhimizana tohara ya mwili, ya nguo na ya mahali pa kuswalia. Ukuta anaolala mtoto kando yake nao ni amana. Na mimi ninayesimama mimbarini nikiwausia watu washauriane majumbani mwao, nilikuwa nimelipaka rangi neno la mke wangu kama nilivyoupaka ukuta. Nimemwomba radhi. Nawe ndugu yangu, ukiambiwa na mwenzio kuwa ukuta unalia, usiite mpaka rangi. Inua uso kwanza, utazame maji yatoka wapi.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu afya, utulivu na mapenzi. Amin.