Siku kompyuta ya studio ilipofikiri tuko mwaka 2009

Wengi mliuliza kwa nini wiki ile matangazo ya kutafuta jamaa yalichelewa, na siku moja hayakusikika kabisa. Wengine mlifikiri tumeacha. Hatukuacha. Kompyuta ya studio ilikuwa imelala, na mimi niliyesomea uandishi wa habari, si mashine, ndiye niliyebaki nayo. Naandika haya kwa sababu najua vijana wengi wa Katuba, Kenya na Ruashi wanahangaika na matatizo hayo hayo kwenye mashine zao za okazio. Tena kuna mama mmoja niliyemwahidi kueleza.

Mama huyo alitoka upande wa Pweto. Anaishi kwa shemeji yake kule Katuba na watoto watatu. Wa nne, kijana wa miaka 16, walipotezana naye njiani karibu na Kasomeno, pale barabara inapogawanyika, moja kwenda Kasenga na nyingine Kilwa. Nilimrekodi kwa simu yangu, dakika 11. Alisema vizuri, bila kulia, lakini katikati alitaja jina la mtu aliyewatisha kijijini, na jina la mzee aliyewaficha usiku ule. Alipomaliza akanishika mkono: "Mwanangu, ile majina mbili isisikilike ku radio. Batamuua ule muzee."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Tangazo jingine ningeliweka simu mbele ya mikrofoni na kulipitisha hivyo hivyo. Hili lilipaswa kukatwa kwanza, na bila programu ya kukatia sauti hakuna kukata.

Siku mbili kabla yake, kuran ilikuwa imeondoka ghafla mashine ikifanya kazi, jambo ambalo huku kwetu si habari. Iliporudi, Windows haikuamka. Fundi mmoja akafuta kila kitu, akaweka Windows 7 upya, akalipwa, akaenda zake. Programu zetu zote zikaenda pia. Ninajua kwamba Windows 7 haipokei tena masasisho ya usalama tangu tarehe 14 Januari 2020. Lakini mashine yetu ina gigabaiti 2 tu za kumbukumbu, na ndiyo tuliyo nayo.

Sisi tunatumia Audacity. Ni programu ya bure, ilizaliwa kwenye chuo kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani na kutolewa kwa watu mwaka 2000, na redio ndogo nyingi zinaitumia. Nikafikiri: nitaipakua, nitaiweka, saa moja imetosha. Nikafungua intaneti. Ukurasa ukakataa, ukaniambia kwamba muunganisho si salama. Nikajaribu ukurasa mwingine, hivyo hivyo. Nikadhani mega zimekwisha, nikanunua nyingine. Hakuna kilichobadilika, ila franga zangu zilipungua.

Katika hasira nikafungua anwani ile ile kwenye simu. Ikafunguka mara moja. Basi ubaya haukuwa kwenye intaneti, ulikuwa ndani ya mashine. Ni jirani yetu, kijana anayetengeneza simu kando ya barabara, aliyekuja, akatazama chini kwenye kona ya skrini, akacheka. "Yaya, ordinateri yako iko mu mwaka gani?" Ilikuwa imeandikwa tarehe 1 Januari 2009.

Alinieleza hivi. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara, kama sarafu, inaitwa CR2032. Kazi yake ni kuiwezesha mashine kukumbuka saa na tarehe wakati hakuna umeme. Ikifa, kila kuran inapokatika mashine inasahau na kurudi mwaka ule iliopewa kiwandani. Sasa, kurasa za intaneti zina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na mashine inakikagua kabla ya kukubali. Mpe askari anayeamini tuko mwaka 2009 kadi ya mpiga kura iliyotolewa mwaka 2023: atasema ni ya uongo, na kadi yako ni nzuri kabisa. Tukarekebisha tarehe kwa mkono, na kurasa zikafunguka. Mimi nilikuwa nimekwisha kupoteza nusu siku.

Nikaanza kupakua. Katikati, umeme ukaenda. Uliporudi, tarehe ilikuwa tena 2009, na kwenye folda kulikuwa na faili iliyoonekana kamili. Nikaibonyeza. Ujumbe wa Kifaransa ukasema kwamba hii si programu halali ya Win32. Maneno hayo yananikasirisha kwa sababu hayasemi kosa liko wapi. Yule kijana akasema mara nyingi sababu ni mbili. Ama faili haikufika yote, na hapo unalinganisha ukubwa wake na ule ulioandikwa kwenye ukurasa ulikoitoa. Ama umechukua toleo la biti 64 ukalipeleka kwenye Windows ya biti 32. Ukibonyeza kwa kitufe cha kulia kwenye picha ya kompyuta na kufungua sifa zake, imeandikwa pale. Yetu ilikuwa 32. Mimi nilikuwa na makosa yote mawili: faili nusu, na tena si yake.

Ningalipitia njia ya mkato. Mjini kuna mtu aliyenipa fleshi yenye programu kubwa ya kulipia, iliyovunjwa kufuli. Sharti lilikuwa moja: uzime kwanza kinga ya virusi. Nilishafanya hivyo siku za nyuma, sikatai. Asubuhi yake folda zote za mahojiano zilikuwa zimegeuka vijipicha vya njia ya mkato visivyofungua kitu. Kwa saa kadhaa niliamini nimepoteza sauti za watu waliokwisha kuondoka Lubumbashi, watu nisioweza kuwarekodi tena. Kumbe virusi vilikuwa vimezificha tu, na ulipoiambia Windows ionyeshe faili zilizofichwa, zilikuwa pale zote. Lakini saa zile sijazisahau. Fleshi nikamrudishia mwenyewe, na shukrani.

Tulipakua toleo la biti 32 kwa simu, kwa sababu simu haizimiki kuran ikienda, tukalihamisha kwa waya. Likadai neno la siri la msimamizi. Fundi ndiye aliyeliweka, na simu yake haikupokelewa mara mbili. Mara ya tatu akajibu: moja, mbili, tatu, nne. Sitasema kitu.

Audacity ikafunguka saa 11 kasoro jioni. Matangazo ni saa 12. Nikaingiza sauti ya mama, ikakataa. Simu nyingi zinarekodi kwa faili za m4a, na Audacity peke yake haizifungui kwenye Windows. Inahitaji nyongeza iitwayo FFmpeg, nayo lazima iwe ya biti 32 kama programu yenyewe. Hatukuwa na muda wa kutafuta. Kijana akaigeuza sauti kuwa WAV ndani ya simu, na hiyo ikaingia bila neno. Ni faili nzito, lakini inafunguka popote. Tangu siku hiyo narekodi kwa WAV moja kwa moja.

Nilikata jina la kwanza, kisha la pili. La pili alikuwa amelitaja mara mbili, na kama nisingesikiliza mpaka mwisho lingepita hewani. Mama alikuwa amekaa nje kwenye benchi tangu saa 8. Nikamwita, nikamvalisha vifaa vya masikioni, akasikiliza yote akiwa amefumba macho. Akaniuliza, "Na ile ya pili?" Nikarudisha sehemu ile, akasikiliza tena, akatikisa kichwa kukubali. Tangazo likatoka saa 12 na dakika 5.

Betri mpya tumeiweka, na tarehe sasa inakaa. Mpaka ninapoandika, kijana hajapatikana. Tangazo linarudi kila Jumanne na Ijumaa jioni. Kama ulipita Kasomeno, Kasenga au Kilwa na kukutana na kijana mwenye kovu juu ya jicho la kushoto anayemtafuta mama yake, pita studio. Si lazima useme jina lako.